Maumivu Si Mtihani wa Ushujaa: Utunzaji wa Mgonjwa Baada ya Upasuaji wa Moyo, Hapa Nchini na kwa Majirani



Kwa miaka mingi mwananchi wa Afrika Mashariki aliyeambiwa na daktari kwamba moyo wake hauna budi kupasuliwa alikuwa na njia mbili tu mbele yake. Ya kwanza ni kutafuta fedha za kusafiri ng'ambo. Ya pili ni kurudi nyumbani na kungoja. Hali hiyo imebadilika. Hapa Dar es Salaam tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili. Jirani zetu wa Uganda wanayo Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1988 katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Nchini Kenya upasuaji wa aina hiyo hufanyika katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, na pia katika Hospitali ya Tenwek huko Bomet. Vijana ambao vali za mioyo yao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, na watu wazima ambao mishipa yao ya moyo imeziba, hupasuliwa karibu na jamaa zao, na kuuguzwa na watu wanaozungumza nao lugha moja.

Hata hivyo, kazi ya daktari mpasuaji ni nusu tu ya safari. Nusu ya pili huanza mgonjwa anapozinduka kutoka katika usingizi wa nusukaputi. Katika siku hizo za mwanzo yapo mambo mawili ambayo yasipotawaliwa huweza kuiharibu kazi yote iliyofanywa mezani. La kwanza ni maumivu. La pili ni sukari katika damu. Watu wengi hudhani kwamba mambo haya mawili hayahusiani. Leo tutaeleza jinsi yanavyohusiana, na kwa nini jambo hili linamhusu askari kwa namna ya pekee.

Ili kuufikia moyo, mara nyingi daktari hupasua ngozi ya kifua, kisha huukata kwa msumeno mfupa wa kidari kutoka juu hadi chini, na kuutanua. Kazi ikiisha, vipande viwili vya mfupa huo hufungwa pamoja kwa nyaya za chuma. Mipira ya kutolea damu na maji huachwa kifuani kwa siku chache. Ikiwa mgonjwa amechukuliwa mshipa wa mguuni ili kuutengenezea moyo njia mpya ya damu, basi mguu nao huwa na kidonda chake. Maumivu huwa makali zaidi katika siku 2 au 3 za mwanzo, kisha hupungua kidogo kidogo. Mfupa wenyewe huhitaji wiki 6 hadi 12 ili uunge.

Sasa tazameni kinachotokea mgonjwa anapoachwa na maumivu yake. Kila pumzi ndefu inamchoma, kwa hiyo anavuta pumzi fupi fupi. Kila akikohoa anahisi kana kwamba kifua kinapasuka upya, kwa hiyo anakizuia kikohozi. Makohozi yanabaki mapafuni, sehemu za mapafu zinanywea kwa kukosa hewa, na hapo nimonia inapata mahali pa kuanzia. Hataki kuinuka kitandani, na damu isiyotembezwa huweza kuganda miguuni. Moyo ambao ndio kwanza umeshonwa unapiga mbio, na shinikizo la damu linapanda. Hapana hata moja kati ya hayo linalomsaidia mgonjwa kupona. Kwa hiyo kutuliza maumivu baada ya upasuaji ni sehemu ya matibabu yenyewe, wala si huruma ya ziada.

Uhusiano wa maumivu na sukari ni rahisi kueleweka kwa mtu aliyewahi kushika lindo. Mlinzi apigapo filimbi ya hatari usiku, kambi nzima huamka na ghala la silaha hufunguliwa. Mwili nao una filimbi yake. Unapojeruhiwa, ama kwa risasi, ama kwa kisu cha daktari, hutoa vichocheo vya hatari, yaani adrenalini, kotizoli na vinginevyo. Vichocheo hivyo huliamuru ini lifungue ghala lake na kumwaga sukari katika damu. Wakati huo huo misuli hupunguza kuitii insulini, ambayo ndiyo kichocheo cha kongosho kinachoiruhusu sukari iingie katika misuli na kutumika. Kwa mtu anayekimbia adui, mpango huo una manufaa, kwa sababu miguu yake inaihitaji sukari hiyo. Kwa mtu aliyelala kitandani sukari hiyo haina kazi. Inabaki ikizunguka katika damu.

Hili si la kubahatisha. Mwaka 2001 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa watu wenye afya njema. Watu hao walitiwa maumivu ya ngozi kwa muda wa nusu saa chini ya uangalizi, kisha wakapimwa jinsi miili yao inavyoitikia insulini. Ikaonekana kwamba maumivu peke yake, bila kidonda wala ugonjwa, yaliupunguza mwitikio huo.

Kwa mgonjwa wa moyo sababu ni nyingi zaidi. Mshtuko wa upasuaji wenyewe, mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati moyo umesimamishwa, dawa za aina ya adrenalini za kuusaidia moyo upige, na dawa za aina ya kotizoli zinazotumika mara kwa mara, zote hupandisha sukari. Ndiyo maana hata mgonjwa ambaye hajawahi kuwa na kisukari huweza kukutwa na sukari nyingi siku ya upasuaji. Aliye na kisukari tangu zamani hupanda zaidi. Na sukari ikiwa nyingi mno, chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hulegea katika kazi yao ya kuua vijidudu. Kidonda hukawia kupona. Hatari inayoogopwa kuliko zote ni usaha kuingia chini kabisa, katika mfupa wa kidari. Mgonjwa wa namna hiyo hurudishwa mezani, hukaa hospitali kwa wiki nyingi, na wengine hupoteza maisha.

Madaktari wamejifunza jambo hili hatua kwa hatua, wala si bila makosa. Mwaka 1999 madaktari wa Portland, Marekani, walieleza habari za wagonjwa wa kisukari waliopasuliwa moyo. Wale waliopewa insulini kwa sindano za kawaida chini ya ngozi walipata usaha wa ndani ya kidari kwa kiwango cha asilimia 2.0. Wale waliopewa insulini mfululizo kwa njia ya mshipa walipata kwa asilimia 0.8. Mwaka 2001 Daktari Greet Van den Berghe na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa mahututi 1,548, wengi wao wakiwa wametoka katika upasuaji wa moyo. Kundi moja lilidhibitiwa sukari kwa ukali kabisa, kati ya milimoli 4.4 na 6.1 kwa lita. Vifo katika chumba cha wagonjwa mahututi vilishuka kutoka asilimia 8.0 hadi 4.6.

Habari hizo zilienea upesi, na hospitali nyingi duniani zikaanza kuishusha sukari chini iwezekanavyo. Lakini mwaka 2009 ulitolewa uchunguzi mkubwa zaidi, wa wagonjwa mahututi 6,104 wa maradhi mbalimbali, uliofanyika hasa Australia, New Zealand na Kanada. Matokeo yake yalikwenda kinyume. Katika muda wa siku 90, wagonjwa waliobanwa sana walikufa kwa asilimia 27.5, na wale ambao sukari yao iliachwa ifike milimoli 10 walikufa kwa asilimia 24.9. Waliobanwa walipatwa na upungufu mkubwa wa sukari kwa asilimia 6.8, hali wenzao walipatwa kwa asilimia 0.5 tu. Sukari ikipungua mno ubongo hukosa chakula, na mgonjwa aliyelazwa usingizi hawezi kulalamika.

Fundisho lililobaki ni la kiasi. Baada ya upasuaji wa moyo, madaktari wengi leo hujitahidi kuiweka sukari chini ya milimoli 10 kwa lita, na wakati huo huo huchunga sana isishuke chini ya 4. Katika siku ya kwanza insulini hutolewa kwa dripu ya pampu, na damu hupimwa karibu kila saa. Mgonjwa akianza kula, huhamishiwa kwenye sindano za chini ya ngozi, na sindano ya kwanza hutolewa kabla pampu haijazimwa ili pasitokee pengo. Vidonge vya kisukari hurudishwa baadaye, daktari akisharidhika kwamba figo zinafanya kazi. Vipo pia vidonge vipya vinavyoifanya sukari itoke kwa njia ya mkojo. Hivyo huachwa siku 3 au zaidi kabla ya upasuaji, maana vyaweza kuifanya damu iwe na tindikali ingawa kipimo cha sukari hakionyeshi hatari. Kwa hiyo mgonjwa hana budi kumtajia daktari kila dawa anayotumia, pamoja na zile alizonunua mwenyewe dukani na zile za miti shamba.

Tuyarudie maumivu. Hapana dawa moja inayoyamaliza yote bila madhara. Kwa hiyo madaktari huchanganya njia kadhaa, kila moja kwa kiasi kidogo. Msingi wake ni parasetamoli, dawa inayojulikana na kila mtu, ambayo kwa mtu mzima wa uzito wa kawaida hutolewa gramu 1 kila baada ya saa 6. Juu yake huwekwa mofini au dawa za jamii yake kwa maumivu makali ya siku za mwanzo. Katika hospitali nyingine mgonjwa hupewa pampu yenye kitufe, akabonyeza mwenyewe anapoumwa, na mashine ikakataa kuzidisha kiasi kilichowekwa. Mofini ikizidi hupunguza pumzi. Hufunga choo na kutia kichefuchefu. Kwa hiyo wauguzi huhesabu pumzi za mgonjwa, na dawa ya kuitengua iitwayo naloksoni huwekwa karibu.

Njia ya tatu ni ganzi. Dawa ya ganzi huweza kupitishwa karibu na uti wa mgongo, ikakifisha ganzi kifua chote. Njia hiyo hutuliza vizuri, tena huzima sehemu ya filimbi ile ya hatari tuliyoieleza. Lakini mgonjwa wa moyo hupewa dawa ya kuzuia damu isigande, na damu ikivuja karibu na uti wa mgongo huweza kumpoozesha. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya karibuni madaktari wengi wameelekea kudunga ganzi mbali na uti wenyewe, pembeni mwa mfupa wa kidari au katika misuli ya mgongo, wakiongozwa na mashine ya mawimbi ya sauti inayoonyesha sindano inapopita.

Hapo pana onyo ambalo kila askari alishike. Zipo dawa za maumivu zinazouzwa madukani kama njugu, nazo ni diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao. Nyingi kati ya dawa hizo hazifai kabisa kwa mtu aliyetoka kutengenezewa njia mpya za mishipa ya moyo. Mwaka 2005 wakubwa wa dawa wa Marekani waliagiza onyo hilo liandikwe, baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba baadhi ya dawa za jamii hiyo ziliongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wagonjwa wa namna hiyo. Huziumiza figo vile vile. Mwenzako akikuletea kidonge kwa wema, uliza kwanza.

Ndugu wasikilizaji, katika habari ya mofini jirani zetu wa Uganda wana jambo la kutufundisha. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha huko Kampala shirika la Hospice Africa Uganda. Shirika hilo lilianza kutumia mofini ya maji, inayotengenezwa kwa kuchanganya unga wa mofini na maji safi, ambayo mgonjwa huinywa nyumbani kwake kwa gharama ndogo. Mwaka 2004 sheria za Uganda ziliruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu waiandike dawa hiyo, kwa kuwa madaktari hawatoshi vijijini. Kazi hiyo ilianzishwa kwa ajili ya wagonjwa wa saratani na UKIMWI, wala si kwa wagonjwa wa moyo. Hata hivyo imethibitisha jambo linalotuhusu sote, kwamba nchi isiyo tajiri inaweza kuwatuliza wagonjwa wake maumivu makali kwa mpango mzuri, kwa mafunzo na kwa daftari linaloandikwa kwa uaminifu.

Jambo hilo lina upande unaowahusu askari wa doria na wa mipakani. Mofini ni dawa inayotawaliwa na sheria, na ni wajibu wenu kuizuia isiangukie mikononi mwa walanguzi. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya unasema pia kwamba dawa hizo ni za lazima katika tiba ya maumivu, na kwamba nchi hazina budi kuhakikisha zinapatikana kwa kazi hiyo. Kwa hiyo siku moja mtakuta katika basi mgonjwa anayetoka hospitali, ana chupa yenye lebo na karatasi ya daktari. Kagueni karatasi, fananisheni jina, na penye shaka wasilianeni na hospitali iliyotajwa. Chupa isiyo na lebo wala karatasi ni habari nyingine. Lakini kumwaga dawa ya mgonjwa kabla ya kuuliza, au kumweka mahabusu usiku kucha na mshono kifuani, hakumkomeshi mlanguzi hata mmoja.

Na sasa tumgeukie askari mwenyewe anapokuwa mgonjwa. Askari amefundwa kuvumilia. Ametembea siku nzima na mzigo mgongoni, amelala katika mvua, na amezoea kwamba kulalamika mbele ya wenzake ni aibu. Tabia hiyo ni ya thamani kubwa katika medani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Daktari Henry Beecher wa jeshi la Marekani aliwahoji askari waliojeruhiwa vibaya huko Italia, akashangaa kukuta kwamba wengi wao hawakutaka dawa ya maumivu. Baadaye aliona raia waliopasuliwa hospitalini, wenye vidonda vidogo kuliko vya askari wale, wakiiomba dawa hiyo kwa wingi. Hoja yake haikuwa kwamba raia ni waoga. Alionyesha kwamba ukubwa wa kidonda hauwezi kutuambia ukubwa wa maumivu, maana hali ya moyo wa mtu na maana anayoipa kidonda chake huingia humo. Basi aliye mgonjwa ndiye peke yake anayejua anaumwa kiasi gani, na asiposema hapana atakayejua.

Kwa sababu hiyo muuguzi akikuuliza, “Maumivu yako ni kiasi gani, kutoka 0 hadi 10?” usimjibu kama unayemjibu ofisa wa gwaride. Kusema 2 hali ni 8 si ushujaa. Ni taarifa ya uongo, na taarifa ya uongo huharibu mpango mzima wa mapambano. Sema kabla maumivu hayajapanda mno, kwa sababu yakishapanda huhitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha. Kisha tekeleza unayoagizwa: kumbatia mto kifuani unapokohoa, vuta pumzi ndefu kila saa ukiwa macho, inuka utembee siku ile unayoruhusiwa. Dawa ya maumivu imetolewa ili uweze kuyafanya hayo.

Mwenye kisukari ayakumbuke na haya. Wagonjwa wengi wa moyo hupewa dawa za kuzuia moyo usipige mbio. Dawa hizo huweza kuzificha dalili za sukari kupungua, yaani kutetemeka na mapigo ya haraka, ingawa jasho kwa kawaida hubaki. Basi ukitoka jasho la ghafla, au kichwa kikianza kukuchanganya, pimwa mara moja. Na kidonda kikitoa usaha, mfupa ukisikika unacheza, homa ikipanda, au maumivu yaliyokuwa yakipungua yakigeuka na kuzidi, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Wakubwa wa vikosi nao wana sehemu yao. Askari aliyepasuliwa kidari asirudishwe kwenye lindo wala mazoezi kabla daktari hajaandika kwamba yu tayari. Katika wiki hizo za kuunga mfupa hukatazwa kuinua mzigo unaozidi kilo 4 au 5, na bunduki ya AK-47 yenye risasi peke yake inaufikia uzito huo. Mkubwa anayempa kazi nyepesi ya ofisini kwa muda huo hapotezi askari. Anamwokoa.

Ndugu wasikilizaji, Waswahili wamesema kwamba mvumilivu hula mbivu, na neno hilo ni la kweli. Lakini hao hao wamesema pia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hekima ya mtu ni kujua ni wakati gani alishike neno la kwanza, na ni wakati gani alitii la pili. Katika handaki, vumilia. Katika kitanda cha hospitali, baada ya madaktari kuushika moyo wako kwa mikono yao na kukurudishia uhai, useme ukweli kuhusu maumivu yako, na ukubali kuchomwa kidole kupimwa sukari hata iwe saa nane za usiku. Jamaa zako wanakungoja nyumbani, na kikosi chako nacho kinakuhitaji.